Siti Juu, Siti Chini

Mpanda baiskeli ya milimani ana mabwana wawili, na wote wanagombea kitu kimoja: siti. Kupanda kunaitaka juu. Kushuka kunaitaka chini, na kungeachiwa kungeing'oa kabisa. Bomba la kawaida la siti haliwezi kuwatii wote wawili; ukishalikaza, limekaa hapo mpaka ushuke ulilegeze tena. Ndiyo maana wengi wetu tunaendesha siti ikiwa katikati, kimo kisichompendeza bwana yeyote, na tumekizoea hata tunadhani ndivyo baiskeli ilivyotoka kiwandani.

Tangu masika yaishe nimekuwa na swali moja lisilonitoka: ninunue dropa au nisinunue? Dropa ni bomba la siti lenye vipande viwili, kimoja kikizama ndani ya kingine, na kitufe chake kiko kwenye usukani, karibu na kidole gumba. Ukibonyeza huku umeikalia, siti inazama. Ukibonyeza huku umenyanyuka, inapanda yenyewe mpaka kimo ulichoipangia. Hushuki, hutoi spana, wala mkono hauachi usukani. Ni kifaa kidogo chenye bei isiyo ndogo. Za bei nafuu zinaanzia kama dola 100 hivi, kabla ya usafirishaji na ushuru; ile isiyo na waya ya kampuni ya RockShox ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa kwa dola 800. Kwa dola 800 mtu wa hapa kwetu Lushoto ananunua baiskeli za mtumba za familia nzima na bado anabaki na nauli ya kwenda Tanga.

Nianze na bwana wa kupanda, maana ndiye tunayemsahau. Waendeshaji wa barabarani wana kanuni iliyopata sifa kupitia kocha Mfaransa Cyrille Guimard na mwanafunzi wake Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu. Unapima mguu kwa upande wa ndani, kutoka kinenani hadi sakafuni, unazidisha kwa 0.883, unapata umbali wa kutoka kitovu cha krenki hadi juu ya siti. Mwenye mguu wa sentimita 80 anapata 70.6. Si msahafu, lakini inakaribia ukweli: kwenye kimo hicho goti linakaribia kunyooka pedeli inapofika chini, na paja linasukuma kwa nguvu yake yote. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto inapanda kama kilomita 33, kutoka joto la mashamba ya mkonge hadi baridi ya mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ikipitia Soni na maporomoko yake. Ianze siti ikiwa imepungua sentimita tano tu, na magoti yatakushtaki kabla hujayasikia maji ya Soni.

Kushuka ni habari nyingine. Njia za miguu zinazoteremka kutoka upande wa msitu wa Magamba hazikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Ni udongo mwekundu, mizizi, na ngazi zilizochongwa na maji ya mvua. Gurudumu la mbele likidondoka kwenye ngazi, baiskeli nzima inainamia mbele, na siti iliyo juu inakupiga makalioni na kukusukuma kuelekea kule kule usikotaka kwenda, yaani juu ya usukani na ng'ambo yake. Mbinu ya zamani ni kurudi nyuma kabisa, tumbo juu ya siti, makalio juu ya tairi la nyuma. Mbinu hiyo inaokoa watu, ila ina gharama. Uzito ukihamia nyuma, gurudumu la mbele linakosa mshiko, na gurudumu hilo ndilo linalokata kona, na breki yake ndiyo inayosimamisha kweli. Siti ikiwa chini huna haja ya kukimbilia nyuma. Unasimama katikati, magoti na viwiko vimekunjwa, baiskeli inalala kulia na kushoto chini yako bila kukugusa.

Mkao huo wa kusimama si mgeni kwetu. Wengi tulijifunzia baiskeli za wazee, zile nyeusi nzito ambazo Wakenya wanaziita Black Mamba, na siti zake hatukuzifikia. Tulipitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu la fremu, mwili ukaning'inia upande huu na baiskeli ikainamia upande ule, tukazunguka uwanja mzima hivyo hivyo. Huko Goma wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho mji umekiheshimu mpaka ukakisimamishia sanamu. Mwenye chukudu hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Mlimani huisukuma kwa mikono. Kwenye mteremko hupanda na kuachia, magunia ya mkaa au viazi yakiwa mbele yake. Chukudu haina siti kwa sababu haina pedeli. Hapo nadhani ndipo penye kiini cha jambo lote: binadamu alikaa juu ya baiskeli ili azungushe. Mahali asipozungusha, siti haina kazi, na kitu kisicho na kazi kikiwa katikati ya miguu ya mtu anayeshuka kwa kasi kinageuka kuwa kikwazo.

Walioanzisha mchezo huu waliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1976, katika kaunti ya Marin huko California, kikundi cha vijana kilianza kushindana kuteremka njia ya vumbi kwa baiskeli nzito za kizamani. Mashindano yaliitwa Repack, kwa sababu breki iliyokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma ilipata moto mpaka grisi ikaungua, na ukifika chini ulikuwa huna budi kuifungua na kuijaza grisi upya. Mmoja wa waliotamba pale ni Joe Breeze, ambaye mwaka uliofuata aliunda fremu yake ya kwanza mahususi kwa kazi hiyo. Mwaka 1984 yeye na mwenzake Josh Angell walitoa Hite-Rite, springi iliyofungwa ncha moja kwenye bomba la siti na nyingine kwenye fremu. Mwendeshaji alilegeza mkono wa kukazia bomba huku akienda, akaikandamiza siti kwa uzito wake, akakaza. Akitaka ipande, alilegeza tena na kujinyanyua, springi ikairudisha. Ilikuwa kitu cha bei ndogo, kisicho na mafuta, gesi wala kitufe. Fundi yeyote wa chini ya mwembe angeitengeneza.

Kisha ikasahaulika, na kusahaulika kwake kunanifundisha zaidi kuliko kuvumbuliwa kwake. Miaka ya 1990 mchezo ulielekea kwenye mbio ndefu za kupanda na kushuka, zile zilizoingia Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996. Watu wakaanza kuhesabu gramu. Siti ikapandishwa ikaachwa juu, na kushuka kukawa suala la ujasiri na la kurudi nyuma ya siti. Sikubaliani na wanaosema kwamba watu wa wakati ule walikuwa hodari kuliko sisi. Walikuwa wanalipa deni la kupanda kwa fedha ya kushuka, basi. Dropa ilirudi taratibu katika miaka ya 2000, kampuni ndogo ya Montana iitwayo Gravity Dropper ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na mwaka 2010 RockShox ikatoa Reverb. Baada ya hapo haikuwa ajabu tena. Leo baiskeli nyingi mpya za milimani za bei ya kati na ya juu zinatoka dukani zikiwa nayo.

Hata watu wa barabara ya lami wamewahi kuiazima. Chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kilipiga marufuku kuanzia Aprili 2021 ule mtindo wa kushuka mlima umejikunja na kukalia bomba la juu la fremu, mtindo ambao Mslovenia Matej Mohorič aliufanya ujulikane. Machi 2022, katika mbio za Milan hadi San Remo, karibu kilomita 300, Mohorič alikuja na dropa kwenye baiskeli ya barabarani. Aliufika mlima wa mwisho, Poggio, pamoja na wakubwa wote, akaishusha siti, akateremka kwa namna iliyowafanya watazamaji wazibe macho, akashinda. Sheria haikumzuia kukalia siti iliyo chini. Sisemi kwamba dropa ndiyo iliyoshinda; mtu yule angeshuka vizuri hata juu ya mlango. Lakini bingwa wa mbio ambazo kila gramu ina mjadala alikubali kubeba gramu za ziada kilomita zote hizo kwa ajili ya mteremko mmoja.

Na gramu zenyewe tuziseme. Bomba la kawaida la alumini lina uzito wa gramu 250 hadi 300. Dropa nyingi ziko kati ya 500 na 700. Wanaolalamikia tofauti hiyo huwa wamebeba chupa ya maji ya mililita 750, na wengine kitambi. Hoja ya uzito naiweka kando.

Hoja ya fundi wangu siwezi kuiweka kando. Ni mzee aliyeanza kunyoosha rimu kabla sijazaliwa, na kibanda chake ndicho kituo cha kila mwenye baiskeli mjini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye cheni aliyokuwa akiiunga. Nikamwonyesha picha ya dropa kwenye simu. Aliikuza kwa vidole, akaitazama muda mrefu, halafu akauliza swali ambalo hakuna muuzaji anayeliuliza.

"Mjukuu wangu, hiyo ikigoma ikiwa chini, utapandaje kurudi nyumbani?"

Nikamweleza kilichomo. Ndani mna katriji yenye mafuta, na gesi iliyoshindiliwa. Kitufe kinavuta waya, waya unafungua vali, mafuta yanapita, siti inatembea. Ukiachia, vali inafunga, na kwa kuwa mafuta hayakubali kubanwa, siti inabaki pale pale. Ni ndugu wa mtungi ulio chini ya kile kiti cha ofisi cha kuzunguka.

Akacheka mpaka cheni ikamponyoka. "Kile kinachozama na bosi katikati ya kikao?"

Kile kile. Na kinazama kwa sababu hiyo hiyo itakayoizamisha dropa: sili ikilika, kinachotakiwa kubaki upande mmoja kinapita kwenda upande wa pili. Kiti cha ofisi kinaishi ndani ya chumba kilichofagiliwa. Dropa inaishi mbele ya tairi la nyuma linaloirushia matope, na kiangazi inakula vumbi laini kama unga. Watengenezaji hupendekeza kuifuta baada ya kila safari na kuifungua kwa usafi kwa vipindi maalumu. Nani kati yetu anafanya hivyo hata kwa cheni? Swali la mzee basi si la kizamani. Ni swali la mtu anayejua kwamba kifaa kinakwenda mbali kama vipuri vyake vinavyokwenda.

Lakini lina jibu, na jibu linategemea aina. Kuna dropa zinazoendeshwa kwa mafuta kutoka kitufe hadi bomba. Hizo zikiingia hewa zinahitaji sindano maalumu, mafuta maalumu na subira maalumu. Kuna za betri, ambazo hazina waya wa kukatika, ila betri ikiisha msituni umekwisha nayo. Na kuna za waya. Waya wake ni ule ule wa gia, unaopatikana kwenye kibanda cha mzee kwa bei ya soda chache. Nyingi kati ya hizi zina katriji iliyofungwa moja kwa moja. Ikifa huitengenezi, unaitoa na kutia nyingine. Mzee alilisikiliza hilo la mwisho akakunja uso, kwa kuwa kitu kisichotengenezeka anakiona kama tusi. Hata hivyo alitoa hukumu: ya waya, na bomba la zamani lisigawiwe mtu.

Kuna hoja nyingine ambayo watu wanaitoa kwa sauti kubwa zaidi, nami naiona dhaifu zaidi. Wanasema: mbona Warundi wa kubeba ndizi wanashuka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, zaidi ya mita 1,000 za mteremko, na mikungu imefungwa pande zote za baiskeli, bila kifaa chochote? Ni kweli wanashuka, na kupanda wanajishikiza nyuma ya malori. Ustadi wao unanitisha. Lakini ile ni barabara ya lami, mzigo ndio unaoamua mtu akae wapi, na wanaoanguka pale hawaanguki kidogo. Kumchukua mtu anayehatarisha maisha kwa ajili ya mkate wake na kumfanya kuwa ushahidi kwamba usalama ni anasa, hilo silikubali. Muulize mwenyewe kama angekataa breki bora.

Jibu bora kwa hoja hiyo lilitolewa na mtu wa California wa enzi zile zile za mwanzo, Tom Ritchey, ambaye mwaka 1979 alikuwa akitengeneza fremu zilizouzwa na Gary Fisher na Charlie Kelly. Alikwenda Rwanda mwaka 2005. Angeweza kuwapelekea wakulima wa kahawa baiskeli za milimani kama zile za kwao California. Badala yake alichora baiskeli nyingine kabisa: ndefu, yenye karia refu la nyuma la kubebea magunia ya kahawa mpaka kiwandani, kwa sababu kahawa ikichelewa baada ya kuchumwa inaharibika. Hakuuliza kifaa gani ni bora. Aliuliza njia ni ipi na mzigo ni upi.

Nami nimejaribu kujiuliza hivyo. Njia yangu ni ipi? Nikitoka Lushoto kwenda Mombo kwa lami, kushuka ni kumoja na kupanda ni kumoja. Siti naishusha kwa mkono wa kukazia pale juu, na kuipandisha pale chini, na muda unaopotea ni wa kunywa maji. Dropa kwenye njia ile ni pambo. Lakini siku nyingi siendi Mombo. Naenda kwenye njia za kuunganisha vijiji juu ya milima, ambako unashuka kwenye kijito, unapanda shamba la mahindi, unashuka nyuma ya kanisa, unapanda tena kabla pumzi haijarudi. Njia inabadilisha nia kila baada ya dakika chache. Hakuna mwanadamu atakayesimama kulegeza na kukaza kila mara. Nimewatazama wenzangu ninaoendesha nao: hawaishushi siti, wanashuka wao. Mteremko walioutolea jasho la asubuhi nzima wanaukamilisha kwa miguu, baiskeli wakiishika pembe kama mbuzi wa mnada.

Rafiki mmoja, dada anayeendesha kwa utulivu kuliko sisi wote, aliwahi kuitetea ile desturi ya kusimama juu. Alisema pale ndipo tunapongojana, tunatazama breki, tunaiona nchi. Kitufe kitatunyima hayo. Ni hoja nzuri kwa masikio. Ila wanaosimama juu ya mlima husimama kwa kuwa wanataka kusimama, na dropa haikatazi. Kinachoondolewa ni kusimama kwa lazima, mara ya nane, kwenye kilima kisicho na chochote cha kutazama.

Basi nitanunua. Itakuwa ya waya, ya kushuka milimita 100 au 125, si zaidi, maana fremu yangu ya mtumba ina bomba la kipenyo cha milimita 27.2, na kwenye kipenyo hicho chaguo ni chache na mashuko ni mafupi. Waya utapita nje ya fremu, kwa kuwa fremu za umri wake hazina tundu la kuupitisha ndani, na hilo halinisikitishi hata kidogo: waya wa nje mzee ataubadilisha bila kuvua miwani. Kabla ya hapo nitabadilisha tairi la mbele, ambalo meno yake yamebaki ukumbusho tu. Mwenye tairi kipara na breki zinazolia asizungumze habari za dropa.

Nawe unayefikiria, chomoa bomba lako la siti kabla hujatuma pesa kwa mtu. Kipenyo kimegongwa karibu na ncha ya chini: 27.2, 30.9 au 31.6 ndivyo vinavyoonekana zaidi. Dropa nyembamba inaweza kuvishwa mkanda wa chuma ikaingia kwenye fremu pana. Nene haiingii kwenye nyembamba kwa dua yoyote. Pima pia bomba la fremu linakwenda chini kiasi gani kabla halijapinda au kukutana na skrubu ya kushikia chupa, kwa sababu dropa ndefu inahitaji mahali pa kuzama. Halafu hesabu, katika njia unayoipita kila wiki, ni mara ngapi mlima unageuka mteremko. Kwa anayekwenda Mombo na kurudi kwa lami peke yake, jibu langu ni asinunue. Alenki moja mfukoni inamtosha.